Kusasisha maktaba za programu: Je, programu za zamani zitaendelea kufanya kazi?

Mwenye kompyuta ya Windows anapofungua orodha ya programu zilizomo, mara nyingi hukuta jina la Microsoft Visual C++ limejirudia mara nyingi, kila moja likiwa na mwaka wake. Wapo wanaodhani kuwa ni marudio yasiyo na kazi, wakayafuta na kubakiza lililo jipya tu. Kesho yake programu ya hesabu za duka, iliyonunuliwa miaka mingi nyuma, inakataa kufunguka.

Hayo si marudio. Ni maktaba za programu, yaani mafaili yenye kazi za msingi ambazo mtengenezaji wa programu huziazima badala ya kuziandika upya. Matoleo ya 2005, 2008, 2010, 2012 na 2013 hujitegemea: programu inayohitaji maktaba ya 2008 haitaridhika na ya 2013.

Utaratibu ulibadilika kuanzia toleo la 2015. Maktaba za 2015, 2017, 2019 na 2022 zimo katika kifurushi kimoja, na programu iliyotengenezwa kwa zana za 2015 hutumia maktaba ya 2022 bila taabu. Kinyume chake hakina uhakika, kwani maktaba haipaswi kuwa ya zamani kuliko zana zilizoiunda programu.

Kwa hiyo kusasisha ndani ya toleo lilelile kwa kawaida ni salama. Kinacholeta hasara ni kufuta. Aidha, kuacha kusasisha nako kuna hatari. Mwezi Julai 2009 Microsoft ililazimika kutoa marekebisho ya maktaba ya ATL, sehemu ya Visual C++, baada ya kubainika kasoro za kiusalama.

Hata hivyo, salama haimaanishi hakika. Mwaka 2010 watumiaji wa Fedora 14, mojawapo ya mifumo ya Linux, walisikia sauti za Adobe Flash zikikwaruza. Maktaba ya glibc ilikuwa imebadilisha namna ya kunakili data ili kuongeza kasi. Kanuni zilikuwa zimekataza tangu awali kunakili kati ya sehemu zinazoingiliana, lakini Flash ilifanya hivyo, na maktaba ya zamani ilikuwa ikiifichia kosa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alishikilia kuwa mtumiaji hajali kosa ni la nani. Toleo la 2.14, la mwaka 2011, liliziachia programu za zamani utaratibu wa awali, na mpya zikapewa ule mpya.

Ofisi inayotegemea programu kongwe hufanya vyema kujaribu sasisho katika kompyuta moja kwanza, na kuhifadhi diski ya programu hiyo. Zipo pia programu zilizobeba maktaba ndani yake zenyewe. Hizo sasisho la Windows haliziharibu, wala haliwezi kuziba kasoro zilizomo. Tiba yake hutoka kwa mtengenezaji tu.