Ukumbusho: picha za saloni katika nyumba za kampuni

Wasikilizaji, kabla wazungu wa makumbusho hawajazitafuta, picha zetu zilitundikwa saloni, tena katika nyumba zisizo zetu. Tangu Union Minière hadi Gécamines, mfanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi alilala katika nyumba ya kampuni. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi.

Wachoraji wa miaka ya 1970 walichora juu ya magunia ya unga, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuza. Wengine walinunua mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, kwa ajili ya bahati na mali. Wengine walitaka Colonie Belge: askari mweusi anamchapa mfungwa fimbo, mzungu anatazama. Picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho. Mgeni akiketi, akainua macho ukutani, mazungumzo yanaanza yenyewe: nani alichapwa, babu aliletwa mgodini lini. Shuleni hatukufundishwa hayo.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha 101. Leo ziko Amsterdam. Yeye mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Wakasai walipofukuzwa Kolwezi mwaka 1993, familia zililala stesheni zikingoja treni. Makabati na vitanda viliachwa, au viliuzwa kwa bei ya kutupa. Gunia lililochorwa huviringwa kama mkeka, likabebwa kwapani.