Ndoa Mbele ya Meza ya Afisa: Funzo la Historia kutoka Nakivale

Hebu jiulize: kama leo ungetakiwa kuthibitisha kwamba wazazi wako ni mume na mke, ungeonyesha nini? Picha ya harusi? Ushahidi wa wajomba waliopokea mahari? Kwa wengi wetu swali hili ni la mzaha. Kwa mkazi wa Nakivale ambaye mwenzake amekwisha kuhamishiwa Marekani au Kanada, jibu lake ndilo litakaloamua kama wawili hao watakaa tena chini ya paa moja.

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Zamani eneo hilo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara, na hata leo Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ndiko wakazi wanakokwenda kwa mambo makubwa ya benki, hospitali na sheria. Miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa makazi hayo walikuwamo Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kuwaunganisha sokoni, kisimani, na hatimaye nyumbani. Kwa kuwa watu wakiishi pamoja, huoana.

Hata hivyo, kuoana hakukutosha kumlinda mtu. Mnamo Oktoba 1982, vijana wa chama tawala cha UPC, wakisaidiana na viongozi wa wilaya, waliwafukuza Wanyarwanda kutoka vijiji vya Mbarara. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaporwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Rwanda, na wengine wakasongamana katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo raia halali wa Uganda. Siku zile, swali la "wewe ni nani?" liliulizwa na watu wasiotaka kusikia jibu.

Tuitazame sasa sheria. Uganda ilirithi kutoka kwa Waingereza sheria ya ndoa ya mwaka 1904 na ile ya ndoa za Kiislamu ya mwaka 1906. Ndoa za kimila, ambazo ndizo zilizokuwa za watu wengi, ziliwekewa utaratibu wa kuandikishwa mwaka 1973: wanandoa watakiwa kufika kwa msajili ndani ya miezi 6 baada ya sherehe kukamilika. Kisha Katiba ya mwaka 1995 ikampa mtu aliyefunga ndoa na raia wa Uganda haki ya kuomba uraia wa kuandikishwa, iwapo ndoa hiyo ni halali na imedumu miaka 3 au muda mwingine utakaowekwa na Bunge. Zingatia neno "mtu". Nchini Kenya, hadi Katiba ya mwaka 2010, haki kama hiyo ilikuwa ya mke tu. Mume mgeni hakuwa nayo. Neno moja katika sheria laweza kuifungua au kuifunga nyumba nzima.

Na yule aliyekimbia usiku, akaacha cheti chake Kivu? Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1976, ulimfikiria. Kifungu cha 12 kinataka haki zitokanazo na ndoa iliyofungwa kabla ya ukimbizi ziheshimiwe. Kifungu cha 25 kinaeleza kwamba hati ambazo mkimbizi angezipata kwao zaweza kutolewa au kusimamiwa na mamlaka za nchi anamoishi, nazo ziaminiwe mpaka uthibitishwe uongo wake. Kwa hiyo, asiye na cheti si lazima awe hana ndoa.

Lakini haki isiyoandaliwa huchelewa. Anayejiandaa kumfuata mwenzake ng'ambo ayakumbuke mambo manne. Kwanza, muda: kwa kawaida, mkimbizi aliyefika Marekani hutakiwa kumwombea mwenzi wake ndani ya miaka 2, Kanada hutoa mwaka 1, na humtaka awe alimtaja mwenzi huyo kabla ya kusafiri. Aliyeficha ndoa yake kwa kuogopa kucheleweshwa hujifungia mlango mwenyewe. Pili, ushahidi: cheti kama kipo; kama hakipo, viapo vya mashahidi mbele ya kamishna wa viapo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha, na kumbukumbu za familia zilizo katika Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi. Tatu, ulingano: jina lililoandikwa kwa tahajia ya Kifaransa kwenye hati moja na ya Kiingereza kwenye nyingine huzaa maswali. Nne, tafsiri: Marekani hutaka kila hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri iliyothibitishwa na mfasiri, Kanada hupokea pia Kifaransa. Tena huduma za UNHCR hazilipiwi. Anayedai pesa ili "akusogeze mbele" ni tapeli.

Pamoja na maandalizi yote hayo, mlango waweza kufungwa na mtu mwingine. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha kukamilisha kila karatasi wakabaki wakingoja. Siwezi kukuambia kwamba karatasi humaliza dhiki. Nakuambia tu kwamba mlango ukifunguliwa, atakayepita kwanza ni yule ambaye faili lake liko tayari.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza tofauti ya maana kati ya "cheti", "hati" na "kibali", ukitumia mifano kutoka katika makala haya.
2. Vitenzi "kuoa", "kuolewa" na "kuoana" vinatupa picha gani za ndoa? Ungetumia kipi kama ungekuwa unaandika sheria, na kwa nini?
3. Waulize wazazi au walezi wako: ndoa yao iliandikishwa wapi? Kama haikuandikishwa, ni nini kilichowazuia?