Shibolethi Kivukoni

Katika sura ya 12 ya kitabu cha Waamuzi mna mauaji yaliyoamuliwa na konsonanti moja. Wagileadi, wakiongozwa na Yeftha, waliviteka vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka akaamriwa atamke "Shibolethi". Mwefraimu, ambaye kinywa chake hakikuizoea sauti hiyo, alisema "Sibolethi", akachinjwa papo hapo. Neno lenyewe halina ubaya wowote: ni suke la nafaka, au mkondo wa maji. Msimulizi anataja maiti 42,000, kisha ananyamaza.

Miaka yote niliyofundisha fasihi niliishia kwenye sauti hiyo. Baada ya kustaafu ndipo nilipotazama vema aya zinazotangulia. Katika aya ya 4, Waefraimu wanawatukana Wagileadi kwa kuwaita wakimbizi wa Efraimu. Katika aya ya 5 maneno yale yale ya Kiebrania yanarudi, ila sasa wanaoitwa hivyo ni Waefraimu wenyewe, walioshindwa vitani na wanaotafuta njia ya kurudi kwao. Msimulizi haongezi hata neno moja la kulaumu. Analirudisha tusi kwa mwenyewe na kuendelea na hadithi. Nakiri kwamba wanafunzi wangu niliwanyima sehemu iliyo bora zaidi.

Kwetu Murungu, neno "mkimbizi" halihitaji kamusi. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, watu walimiminika upande huu wa mpaka, na kwa sehemu fulani mpaka huo ni Mto Malagarasi. Kambi za Mtabila, Nduta na Mtendeli tumezishuhudia zikifunguliwa na kufungwa. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno. Wazungumzaji wake huelewana bila mkalimani.

Siku moja niliteremshwa garini kizuizini pamoja na abiria wengine, tukatakiwa tuzungumze Kiswahili ili ijulikane nani Mha, nani Mrundi. Mimi, mwalimu wa lugha, nikazichanganya r na l, kama tuzichanganyavyo wengi wetu huku, na Warundi vilevile. Kijana aliyenifuata alitamka vizuri kuniliko. Yeye alizuiliwa, mimi nikarudi kitini.