Mwaka wa Kwanza wa Mwanafunzi wa Udaktari

Msomaji, ikiwa wewe ni kijana wa Likoni, wa Kisauni au wa Changamwe, na umekusudia kusomea udaktari, bila shaka umekwisha kuiona siku hiyo katika fikira zako: koti jeupe mwilini, chombo cha kusikilizia moyo shingoni, na safu ya wagonjwa wanaokungoja barazani. Picha hiyo si ya uwongo, lakini si ya mwaka wa kwanza. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi wa udaktari hakabidhiwi mgonjwa. Hukabidhiwa vitabu, hadubini na maiti. Ili ufahamu kwa nini mambo yamepangwa hivyo, na ili ujue wale waliokutangulia walilipa nini kabla meza hiyo haijawa yako, yafaa turudi nyuma kidogo, na tuanzie karibu na nyumbani.

Upande wa Kisauni, huko Nyali, ng'ambo ya mji wa kale wa Mombasa, pana kaburi ambalo watoto wengi hulipita bila kuuliza habari zake. Ni kaburi la Rosina, mke wa Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani. Watu hao wawili walikuja kukaa Mombasa mwaka 1844. Katika mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosina alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye mama akafa kwa homa, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa elimu kubwa, mjuzi wa lugha nyingi, na ndiye aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyopigwa chapa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Lakini asili ya homa iliyomnyang'anya mke na mtoto hakuijua kuliko alivyoijua jirani yake mvuvi. Wala si yeye tu. Madaktari wa Ulaya wa zama zile walisema kwamba homa hiyo hutokana na hewa mbaya ya vinamasi, na jina lenyewe la malaria maana yake ni hewa mbaya.

Mwaka 1880 Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliinamia hadubini akaona kidudu cha malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, akakiona kidudu hicho ndani ya tumbo la mbu. Miaka 53 ilikuwa imepita tangu kaburi la Nyali lifukiwe. Nimelitaja kaburi hili kwa sababu itafika jioni moja, katika miezi yako ya mwanzo chuoni, macho yanauma kwa kutazama vipande vyembamba vya nyama vilivyotiwa rangi kwenye kioo, nawe utauliza, haya yote ya nini? Jioni hiyo ukumbuke Nyali.

Sasa tuvuke kwenda Changamwe. Mwaka 1896 reli ilianza kutandikwa kutoka Mombasa kwenda bara, ikapita Changamwe. Mwaka huo huo alishuka Mombasa daktari Mwingereza, Albert Cook. Hakuingoja reli. Alikwenda na wenziwe kwa miguu, mwendo wa miezi, hata wakafika Uganda Februari 1897, na mwaka huo akafungua hospitali ya Mengo. Baadaye, mwaka 1913, pakaanzishwa mahali pengine pa kutibia wagonjwa juu ya kilima cha Mulago. Na karibu na hapo, juu ya kilima cha Makerere, ikafunguliwa mwaka 1922 shule ya ufundi yenye vijana 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mafunzo ya utabibu yaliongezwa mwaka 1924, na wanafunzi wakawa wakijifunza kazi katika hospitali ya Mulago. Basi kwa karibu miaka 40, mpaka Dar es Salaam ilipopata shule yake mwaka 1963, hapakuwa na mahali pengine katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ambapo Mwafrika angeweza kusomea udaktari.

Fikiri safari hiyo. Kabla ya mwaka 1931, reli ilipofika Kampala, kijana wa pwani aliyetaka kwenda Makerere alipanda gari la moshi mpaka Kisumu, kisha akaingia merikebu, akavuka ziwa. Tena kabla ya safari yenyewe ilimlazimu apate shule ya kumfikisha kiwango hicho, na shule za namna hiyo kwa Waafrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Ronald Ngala alipita Shimo la Tewa, huko kaskazini ya Mombasa, akaenda Alliance, Kikuyu, kisha Makerere. Naye alichagua ualimu. Walioelekea udaktari kutoka pwani hii walikuwa wachache zaidi.

Walipofika walifundishwa kwa ukali, na waliposhindwa walirudishwa makwao. Lakini jambo linalostahili kukumbukwa kuliko ukali huo ni lile lililowapata waliofaulu. Mtu alisoma miaka mingi, akapasua, akazalisha, akakesha wodini, akapewa shahada ya chuo. Kisha aliporudi Kenya kuingia kazini, serikali ya kikoloni ilimwita daktari msaidizi. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa daktari Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo, na jina lake halikuandikwa pamoja na majina ya madaktari kamili. Mgonjwa aliyelala kitandani alimwita daktari. Barua za ofisini zilimwita msaidizi. Mwaka 1957 ndipo baraza la madaktari la Uingereza lilipoikubali shahada ya Makerere kuwa sawa na za kwao. Mwaka 1959 alihitimu hapo Josephine Nambooze wa Uganda, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari. Na shule iliyonyimwa heshima hiyo kwa muda mrefu hivyo haikuwa shule ya mzaha: ni Mulago ambako Denis Burkitt alichunguza uvimbe wa taya za watoto, akaandika habari zake mwaka 1958, na mpaka leo saratani hiyo hutajwa kwa jina lake ulimwenguni kote.

Kenya ilianza kufundisha madaktari wake mwenyewe Nairobi mwaka 1967, katika hospitali ya Kenyatta, ambayo hapo nyuma iliitwa King George VI. Tangu hapo zimeongezeka shule nyingine, Eldoret na kwingineko. Siku hizi kijana wa Changamwe hupanda gari la moshi Miritini asubuhi, akala chakula cha mchana Nairobi. Safari imefupika sana. Mwaka wa kwanza haukufupika.

Utakuwa na masomo makubwa matatu. La kwanza ni anatomia, yaani elimu ya umbo la mwili na viungo vyake. La pili ni fiziolojia, jinsi viungo hivyo vinavyofanya kazi. La tatu ni biokemia, mambo ya kemia yanayopita ndani ya chembe za mwili. Mengine yapo, lakini matatu haya ndiyo yatakayokula usiku wako, na katika hayo anatomia ndiyo yenye jino kali.

Utaingia chumba kikubwa chenye meza nyingi, na juu ya kila meza maiti iliyohifadhiwa kwa dawa iitwayo formalini. Harufu yake huwasha macho, hushika nguo, na wengine hushindwa kula nyama kwa majuma. Mtagawanywa makundi, na kundi lenu litakaa na maiti hiyo hiyo mwezi baada ya mwezi: mkono, kisha mguu, kifua, tumbo, shingo na kichwa. Aghalabu huwa ni maiti iliyokosa jamaa wa kuidai. Jina lake hamtaambiwa.

Mimi najua jambo hili lina uzito wa pekee kwa kijana aliyelelewa katika mitaa yetu. Wewe umefundishwa kwamba maiti huoshwa, husitiriwa, huswaliwa na kuzikwa siku ile ile. Na ukiwa Mkristo, bado umeona jirani wakifanya hivyo, nawe umefunzwa heshima iyo hiyo. Leo unaambiwa ushike kisu. Ukitetemeka usijione mnyonge. Misri ilitetemeka kabla yako. Mwaka 1827 Muhammad Ali, mtawala wa nchi ile, alifungua shule ya utabibu Abu Zaabal, karibu na Cairo, akaiweka chini ya daktari Mfaransa, Antoine Clot. Ilimbidi Clot azungumze na masheikh kwa upole na kwa muda kabla ya kupata ruhusa ya kupasua maiti, na hata baada ya ruhusa hiyo, siku moja akiwa anafundisha mezani, mwanafunzi mmoja alimrukia kwa jambia. Clot alipona, akaendelea na kazi. Shule ile ilihamishiwa Qasr al-Ayni mwaka 1837, na ingalipo hapo. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu jambo hili kwa sababu ya dharura, maadamu mwili unaheshimiwa na mwisho wake unazikwa. Sharti hilo la heshima ndilo la kushika: si mahali pa mizaha, wala pa kupiga picha.

Na kuna sababu ya kutotosheka na kitabu. Kwa zaidi ya miaka elfu madaktari walisoma kwa Galeni, tabibu wa Kiyunani, kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia matundu ya ukuta ulio katikati. Matundu hayo hayapo. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Shamu akafanya kazi Misri, aliandika kwamba ukuta huo ni mzima, na kwamba damu huzunguka kupitia mapafuni. Huko Ulaya, Andreas Vesalius alitoa mwaka 1543 kitabu cha mwili wa mwanadamu kilichosahihisha mengi ya Galeni, naye alikitoa katika maiti alizozipasua kwa mkono wake. Siku utakayoushika moyo kiganjani na kupitisha kidole juu ya ukuta ule, utajua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Shida nyingine itakuwa ya maneno. Utajifunza maelfu ya majina ya Kilatini na Kiyunani, nawe utaona jambo la kuchekesha kidogo: Kiswahili chetu, chenye mtulinga, muundi, wengu, kiwambo na nyongo, kina neno moja lililobeba mzigo wa punda watatu, nalo ni mshipa. Damu inayotoka moyoni hupita katika mshipa, inayorudi hupita katika mshipa, habari za maumivu hupelekwa ubongoni kwa mshipa, na mzee aliyevimba kinena naye husema ana mshipa. Chuoni utavitenganisha vitu hivyo vinne kwa majina manne. Lakini usiutupe mshipa wa nyumbani, kwa maana mgonjwa atakayekuja mbele yako hospitali ya Port Reitz hatakuja na Kilatini. Atakuja na neno hilo moja, na kazi itakuwa yako kujua ni mshipa upi.

Mitihani ni ya namna nyingi, na mmoja wapo utaukumbuka uzeeni. Viungo hupangwa juu ya meza, kila kimoja kimechomwa pini yenye nambari. Mwanafunzi husimama mbele ya kimoja, akaandika jina, kengele ikalia, akahamia kinachofuata awe amejibu au hakujibu. Hapo ndipo wengi huonja kushindwa mara ya kwanza katika maisha yao. Kila mmoja darasani alikuwa wa kwanza shuleni kwake. Sasa darasa lile lile lazima liwe na wa mwisho. Wako walioacha masomo kwa aibu hiyo tu, wala si kwa upungufu wa akili. Ukipata alama ndogo, nenda kwa mwalimu na kwa wenzio wa meza moja mapema, usijifungie chumbani. Elimu hii haijapata kusomwa na mtu mmoja mmoja. Toka enzi za Makerere wanafunzi waliulizana maswali usiku, mmoja ameshika mfupa na mwenziwe ameshika kitabu.

Kisha itakuja likizo, utarudi nyumbani. Hapa ndipo yatakapokukuta yale yaliyowapata wazee wa Makerere, lakini kichwa chini miguu juu. Wao waliijua kazi wakanyimwa jina. Wewe utapewa jina kabla ya kuijua kazi. Kabla hujashuka gari watakuita daktari. Utakuwa umebakiwa na miaka 4 au 5 ya masomo kwa kadiri ya chuo chako, na mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi baada ya hapo, kabla sheria ya Kenya haijakuruhusu kutibu kwa jina lako. Lakini hayo mtaani hayahesabiwi. Jamaa watakuletea vyeti vya hospitali uvisome. Mtu atakuuliza dozi ya dawa ya presha. Utaona haya kusema hujui, hasa mbele ya baba aliyeuza kitu ili usome.

Na huenda ukawa ndani ya feri ya Likoni, bibi wa makamo akakutambua, akakunja kanga kidogo, akakuonyesha mguu uliovimba. Wewe utauona mguu ule na jina la kila mfupa na kila msuli ulio chini ya ngozi litakujia, kwa maana umevipasua. Sababu ya uvimbe hutaijua, maana hiyo si ya mwaka wa kwanza. Mwambie, "Shikamoo bibi, mimi ningali nasoma, haya bado sijafundishwa." Kisha mtafutie mahali pa kuketi, na feri ikifika umsindikize zahanati.