Amri Ipitayo Hewani

Mtu akimwita mwenziwe sokoni kwa sauti kuu, wengi hugeuka. Aliyekusudiwa hugeuka, na wasiokusudiwa hugeuka pia, kwa maana sauti haina kamba ya kuifunga kwa sikio moja. Mawimbi ya redio nayo ni vivyo hivyo. Abonyezaye rimoti ili afungue mlango wa gari hadhani kwamba amepiga kelele mbele ya mtaa mzima, lakini ndivyo alivyofanya. Katika insha hii nataka kueleza jinsi binadamu alivyojifunza kutoa amri bila ya waya, na jinsi alivyotaabika kukifundisha chombo kumjua bwana wake. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonisukuma kuitafuta historia hii.

Nafundisha katika chuo kimoja cha ualimu upande wa magharibi wa Nairobi. Miaka michache iliyopita wanachuo wanne walitengeneza kengele ya umeme kwa mikono yao. Kabla ya hapo kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na mwenye zamu alilazimika kutoka akakigonge hata mvua iwe kubwa namna gani. Kengele mpya ilikuwa na betri ya pikipiki, king'ora, na swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Ilifanya kazi vizuri, lakini vijana wale hawakuridhika. Walitaka ipigwe kutoka chumba cha kulia, hatua mia moja kutoka ilipokuwa. Basi Jumamosi moja walipanda matatu wakaenda mjini, katika barabara ya Luthuli, ambako maduka ya redio, televisheni na vipuri vya umeme yamebanana pande zote mbili. Walirudi na rimoti ndogo ya vitufe vinne, na kibao chembamba cha kupokelea mawimbi ya megahezi 433. Jioni ile kengele ililia kutoka mbali, na chuo kizima kikapiga makofi.

Juma la tatu lilikuwa la mtihani. Siku ya pili, saa nne na dakika arobaini za asubuhi, wakati ilipobaki saa nzima, kengele ililia. Baadhi ya wanachuo waliweka kalamu chini, wengine wakaanza kubishana na msimamizi. Nilitoka mbio, nikamkuta kijana mwenye zamu amekaa barazani, rimoti imo mfukoni mwake. Akasema, "Mwalimu, sijaigusa." Sikumsadiki. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba ni mwongo, nikampeleka kwa mkuu wa chuo. Hukumu iliyotajwa ilikuwa kurudishwa nyumbani, na kurudishwa nyumbani wakati ule maana yake ni kupoteza mtihani, na pamoja nao mwaka mzima wa masomo. Mzazi wake alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe ili alipe karo.

Asubuhi iliyofuata, kabla hukumu haijaandikwa, kengele ililia tena. Safari hii rimoti ilikuwa ndani ya meza yangu, imefungiwa kwa ufunguo, na ufunguo nilikuwa nao mkononi. Nilisimama nikiwa nimeduwaa. Nilipotazama ng'ambo ya ua, niliona lango la jirani linafunguka lenyewe, na gari linaingia. Mchana tulimwendea jirani tukamwomba kwa heshima abonyeze rimoti yake. Alibonyeza, lango likafunguka, na kengele yetu ikalia. Yule niliyemshtaki mbele ya watu, nilimwomba radhi mbele ya watu wale wale.

Kwa nini kengele yetu ilimtii mtu baki? Ili tujibu, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Reli ilipofika Nairobi katika mwaka wa 1899, waya za simu zilikwenda pamoja nayo. Amri ipitayo katika waya ina njia moja tu: inaanzia hapa, inaishia pale, na mtu asiyeushika waya haipati. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mwaka wa 1898, Nikola Tesla alikuwa amewaonyesha watu wa mji wa New York jambo geni. Aliweka mashua ndogo ya chuma katika bwawa la maji, akaigeuza kulia na kushoto na kuwasha taa zake bila ya waya wowote. Tarehe 8 Novemba mwaka ule serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi wake. Rimoti zote tulizo nazo leo, ya televisheni, ya lango na ya ndege zisizo na rubani, ni wajukuu wa mashua ile.

Hata hivyo mashua ile ilikuwa na udhaifu. Sikio lake lilikuwa mrija wenye chembe za madini. Wimbi la redio likipita, chembe hugandamana na kuuachia umeme njia. Sikio la namna hii halichagui: huitikia wimbi la bwana wake, na huitikia cheche nyingine yoyote, hata ya radi. Tesla aliufahamu udhaifu huo. Katika mwaka wa 1903 alipewa hati nyingine kwa ajili ya chombo kisichotikisika mpaka kipokee mawimbi mawili ya masafa mbalimbali kwa wakati mmoja, kama kasha lenye kufuli mbili ambalo halifunguki kwa ufunguo mmoja.

Mwaka ule ule dunia ilipata funzo kwa aibu. Guglielmo Marconi alikuwa amejigamba kwamba simu yake isiyo na waya yaweza kulinganishwa na masafa yake hata mtu mwingine asiweze kuiingilia. Mwezi wa Juni, mwaka wa 1903, palikuwa na maonyesho ya simu hiyo mbele ya wasikilizaji katika jumba la Royal Institution mjini London. Kabla ujumbe wa Marconi haujafika, chombo kilianza kugonga chenyewe, kikitoa maneno ya dhihaka. Aliyeyapeleka ni Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe, aliyekuwa na mtambo wake karibu na hapo. Marafiki wa Marconi walikasirika sana, lakini hasira si hoja. Maskelyne alikuwa amethibitisha kwamba hewa ni njia ya wote, na kwamba kuchagua masafa peke yake si kufunga mlango.

Funzo hilo lilitufikia hata sisi, na kwa uchungu. Utangazaji wa redio ulianza Nairobi katika mwaka wa 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi hasa. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoleta matangazo kwa Waafrika. Baada ya Uhuru kituo kikawa Sauti ya Kenya. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi wa jeshi la anga walikiteka kituo hicho, hapo ukingoni mwa katikati ya jiji, wakatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Redio za Kangemi, Kawangware na Kikuyu zilisema walivyotaka waasi. Baada ya saa chache askari watiifu walikikomboa kituo, na redio zile zile zikasema kinyume chake. Chombo hakikujua kwamba mkono uliokishika umebadilika. Katika muda huo raia wengi walidanganyika, na wako waliopoteza maisha yao barabarani.

Sasa turudi kwenye kengele. Watengenezaji wa rimoti za bei nafuu walijaribu kuuponya udhaifu huu kwa namba ya siri. Ndani ya rimoti yetu mlikuwa na kidude cheusi chenye miguu minane ya anwani. Kila mguu waweza kuunganishwa na upande wa juu wa betri, au upande wa chini, au kuachwa wazi. Mwanafunzi wa hesabu ataona mara moja kwamba tatu ikizidishwa kwa yenyewe mara nane huleta 6,561. Kibao cha kupokelea nacho kina miguu kama hiyo, na hakitii mpaka anwani hizo mbili zilingane. Lakini vyombo hivi hutoka kiwandani miguu yote ikiwa wazi. Wanachuo wetu hawakuigusa, kwa sababu kengele ililia. Fundi wa jirani naye hakuigusa, kwa sababu lango lilifunguka. Anwani zikawa sawasawa. Katika nafasi 6,561, watu wawili wasiojuana walikuwa wamekaa katika moja, kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha kuchagua.

Dawa yake ilikuwa matone machache ya risasi ya kulehemu. Yule kijana niliyemshtaki ndiye aliyeyatia, kwa mkono usiotetemeka, na tangu siku ile kengele haikulia kwa amri ya lango.

Je, kazi ilikwisha hapo? Haikwisha. Namba isiyobadilika yaweza kunaswa hewani na kurudiwa na mwizi, kama kasuku arudiavyo neno la bwana wake. Jibu la tatizo hili lilipatikana katika bara letu. Katikati ya miaka ya 1980, wahandisi wa kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini walibuni njia iitwayo KeeLoq, ambayo kwayo namba hubadilika kila kitufe kibonyezwapo. Rimoti na mlango hufuata hesabu moja ya siri, na namba iliyokwisha kutumika haikubaliwi tena. Katika mwaka wa 1995 kampuni ya Microchip ya Marekani iliununua uvumbuzi huo, ukaenea katika magari na malango ya nchi nyingi. Katika mwaka wa 2008 wataalamu wa Ujerumani walionyesha kwamba hata siri hiyo yaweza kuvunjwa. Wezi nao walipata hila nyingine nyepesi: katika maegesho ya magari hupeleka makelele ya redio katika masafa yale yale, amri ya kufunga isisikike. Mwenye gari hubonyeza rimoti na kwenda zake, na milango imebaki wazi. Kwa sababu hii mwenye busara hujaribu kitasa kwa mkono kabla ya kuondoka.

Simu ya mkononi ilileta njia nyingine. Kadi iliyo ndani yake ina siri yake peke yake, na mtandao huihoji kabla ya kuikubali. Katika mwaka wa 2008 kijana mmoja wa pwani ya Kenya, Morris Mbetsa, mwenye umri wa miaka 18 na asiyesomea umeme shuleni, alitengeneza chombo cha kulinda gari ambacho mwenyewe aliweza kukiamuru kwa simu yake hata akiwa mbali. Katika mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA ya Nairobi ilianza kuuza taa za nguvu ya jua kwa malipo ya kidogo kidogo yanayopelekwa kwa simu. Ndani ya mtambo mna kadi ya simu. Mnunuzi asipolipa, mtambo huzimwa kutoka mbali; alipapo, huwaka tena, na deni likiisha ni wake kabisa. Hivyo nyumba nyingi zilizokuwa zikitumia mafuta ya taa zilipata mwanga. Lakini angalia, msomaji: mpaka siku ya malipo ya mwisho, taa iliyo ukutani kwako ina bwana mwingine aliye mbali. Si vibaya, maadamu mnunuzi amelijua na kulikubali jambo hilo. Ni vibaya pale mtu anapokuwa na chombo nyumbani mwake asijue kinamtii nani.

Kwa ajili hiyo kila nchi ina sheria za mawimbi. Kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ofisi zake kuu ziko kando ya barabara ya Waiyaki, na iliyoanzishwa katika mwaka wa 1999. Sheria hugawa masafa, kama wazee walivyogawa zamu za maji kisimani. Lakini sheria haiwezi kuchagua anwani kwa niaba ya mwenye chombo.

Wengi wenu mnaosoma hapa mtajenga vyombo vya umeme kwa mikono yenu, na nawahimiza mfanye hivyo. Vipuri ni rahisi, na furaha ya kuona taa ikiwaka kutoka mbali haielezeki. Lakini chombo chenu kikitii amri yenu kwa mara ya kwanza, msishangilie upesi. Ulizeni kwanza: kinamtii nani mwingine? Nami, kila nisikiapo kengele ya chuo, hukumbuka kwamba kijana mmoja alisema kweli, na kwamba mimi, mwalimu wake, nilikuwa tayari kuamini rimoti iliyo mfukoni kuliko neno la kinywani mwake. Chombo kilikuwa na udhuru, kwa kuwa hakikufundishwa kutofautisha. Mimi sikuwa nao.