Hiyo "Mafuta Kidogo" Mnanunua, Ukambani Iko kwa Gunia

Wadau, leo niko na neno na nyinyi mnaobeba vipande vya granola kwa mkoba mkienda jimu. Si ugomvi, kuleni. Lakini hebu pindua hiyo pakiti usome nyuma, pale maandishi ni madogo kama siafu. Kipande cha kawaida cha gramu 25 hivi kina kalori karibu 100, mafuta gramu 2, protini gramu 1 au 2, na sukari kama gramu 7. Mafuta yametoka, sawa. Shira na sukari zimekalia kiti chake. Mbele ni "mafuta kidogo", nyuma ni peremende yenye oti.

Hii kitu ilitoka wapi? Mwaka 1863, huko Dansville, New York, daktari James Caleb Jackson alioka unga wa ngano usiokobolewa ukawa mgumu hadi ilibidi uuloweke usiku kucha ndio ulike. Akauita Granula. Baadaye John Harvey Kellogg akatengeneza yake, na jina likaishia kuwa granola. Vipande vya kubeba mfukoni vilikuja miaka mia moja na kitu baadaye, Nature Valley wakiwa mbele mwaka 1975. Halafu 1977 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na George McGovern ikawaambia Wamarekani wapunguze mafuta, juu magonjwa ya moyo yalikuwa yanawamaliza. Viwanda vikatii kwa njia yao: toa mafuta, ongeza sukari, bandika lebo.

Kwa hivyo "mafuta kidogo" ni jibu la swali la watu walioshiba kupita kiasi. Sisi swali letu lilikuwa lingine kabisa.

Ukambani njaa huwa zinapewa majina, kama watoto. Ile ya 1898 hadi 1899 inaitwa Yua ya Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Ya 1961 ni Yua ya Ndeke, kwa sababu chakula kililetwa na ndege. Miaka ya 1980 ikaja Nikw'a Ngwete, yaani nakufa na nimeshika: pesa iko mkononi, chakula cha kununua hakuna. Hilo jina la mwisho hunikaa kichwani kuliko kitabu chochote cha uchumi.

Na zile njaa za karibuni, msaada ulikuja na nini? Mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Ni hesabu rahisi. Gramu moja ya mafuta inakupa kalori 9, gramu ya wanga au protini inakupa 4. Mtoto ambaye tumbo lake ni dogo na sahani yake ni uji mwepesi anahitaji mafuta. Kwa hivyo Marekani ilikuwa inayatoa kwa vitafunio vyake huku madebe yake ya mafuta yakija kwetu kwenye malori. Sisemi ni unafiki. Nasema mwili wa mtu wa Mutomo na wa mtu wa Chicago haukuwa na shida moja, na lebo moja haiwezi kuwafaa wote.

Sasa sikieni utamu. Kanuni za Codex, zile za vyakula za kimataifa, zinasema chakula kigumu ni cha "mafuta kidogo" kikiwa hakizidi gramu 3 za mafuta kwa kila gramu 100. Ndengu kavu zina gramu 1 na kidogo, na protini karibu gramu 24. Mbaazi zina gramu 1 na nusu hivi, protini 21 au 22. Kunde ni hapo hapo. Manze, gunia la ndengu pale soko la Kitui linastahili hiyo lebo kuliko kitu chochote kwenye rafu ya supamaketi, na hakuna shira ndani!

Hizo nafaka za jamii ya kunde ndizo ziliokoa isyo na muthokoi. Mahindi peke yake yana upungufu wa lisini, na kunde zinayo. Ukichanganya mahindi na mbaazi sufuriani umetengeneza protini inayojitosheleza. Susu yangu hajawahi kusikia hilo neno lisini, lakini ukimpelekea muthokoi bila mbaazi atakuuliza kama nyumba imefilisika.

Ila mahindi yenyewe ni mgeni. Yalikuja na Wareno kupitia Pwani, na huku kwetu uwele, mtama na wimbi ndivyo vilikuwa vyakula vya shamba kavu. Wengi husema wazee waliacha uwele kwa sababu ya ushamba wa kufuata mzungu. Mimi naona ni ndege. Uwele na mtama hukaa wazi juu ya bua, kwelea wakishuka wanamaliza, na waliokuwa wakiwafukuza ni watoto. Watoto walipoenda shule, nani akae shambani na kombeo? Mahindi yamejifunika. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1960 kituo cha Katumani, pale Machakos, kikatoa mbegu ya Katumani inayokomaa haraka, na mambo yakaisha.

Gharama yake tuliiona 2004. Mahindi yaliyovunwa na unyevu yaliwekwa ndani ya nyumba, yakaota ukungu wenye aflatoksini. Kufikia Julai mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui. Macho ya manjano, tumbo kujaa maji, ini limekwisha. Walikufa na kile chakula walichokuwa nacho. Vipimo vya mahindi ya sokoni vilionyesha zaidi ya nusu yamepita kiwango cha sheria. Mtama na uwele pia hushikwa na ukungu zikihifadhiwa vibaya, lakini mahindi ndiyo hushikwa zaidi.

Na kumbe ule utwangaji wa muthokoi, kutoa ganda kwa kinu na mchi, watafiti wamepima wakakuta unapunguza sehemu kubwa ya hiyo sumu. Haumalizi yote, tuelewane. Na nyuzi za ganda zinaenda nayo.

Mwaka huo huo wa 2004, Senator Keg iliingia sokoni, na baadaye mtama wa Kitui na Makueni ukapata mnunuzi: kiwanda cha bia. Kodi ilipopandishwa 2013, mauzo yakaanguka na mkulima akabaki na magunia. Mtama ulirudi shambani, sahani zikabaki za mahindi.

Mimi kitu naomba ni hiki. Mtu wa Wote au Mwingi achukue wimbi, ambalo lina kalisi zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, achanganye na ndengu za kukaanga na asali ya Mwingi, akate vipande. Asiandike "mafuta kidogo" mbele. Aandike protini, na sukari ya hiyo asali pia, asiifiche. Na chini yake, kwa herufi kubwa, kipimo cha aflatoksini cha hilo gunia na tarehe lilipopimwa. Nitanunua boksi zima.