Kitulo: maua yanayolala chini ya udongo

Anayepanda uwanda wa Kitulo mwezi Julai huenda akadhani amedanganywa. Pote ni nyasi kavu za rangi ya kahawia, upepo unapenya mifupa, na alfajiri sakitu imetanda juu ya majani mithili ya chumvi. Basi na arudi Januari. Mvua zilizoanza mwishoni mwa Novemba zitakuwa zimeshafanya kazi yake, na uwanda uleule utakuwa umegeuka mwekundu, wa manjano, wa zambarau na mweupe, na utabaki hivyo hadi kuelekea Aprili. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea nao wakauita Serengeti ya Maua, kana kwamba kitu hakiwezi kusifiwa Tanzania bila kulinganishwa na nyumbu.

Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Udongo wake ni majivu ya volkano za kale. Zimehesabiwa humo aina 350 hivi za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Mimea mingi ya huko hujiokoa kwa kuweka akiba chini. Msimu wa baridi na moto wa nyika ukifika, majani na mashina hufa, lakini kiazi au kitunguu chake hubaki hai udongoni kikingoja mvua. Historia yote ya maua haya imezunguka kwenye viazi hivyo.

Kwa Wakinga, Wawanji, Wasafwa na Wanyakyusa wanaouzunguka uwanda huo, Kitulo haikuwa mahali pa kugunduliwa. Hata hivyo, ramani za wageni kwa muda mrefu ziliuita uwanda wa Elton, kwa jina la James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa Msumbiji. Mwaka 1877 alipita milima hii akitokea Ziwa Nyasa, katika safari iliyohusu pia biashara ya watumwa. Hakufika mbali. Malaria ilimuua Ugogo mwezi Desemba mwaka huohuo, na shajara zake zikachapishwa mwaka 1879.

Aliyefuata, kwa upande wa mimea, alikuwa Mjerumani Walter Goetze. Alikusanya maua katika milima ya kusini kwa ajili ya watafiti wa Berlin, naye akafariki dunia mwaka 1899 akiwa bado kazini. Jina lake limebaki kwenye majina ya kisayansi ya mimea kadhaa ya Tanzania. Sampuli nyingi hazikuwa na bahati hiyo: Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea iliyokaushwa mjini Berlin. Maua yaliyopelekwa Ulaya ili yahifadhiwe yaliungua, na ndugu zao walioachwa porini wakaendelea kuchanua kila masika.

Baada ya uhuru, Kitulo ilijulikana zaidi kwa maziwa kuliko maua. Baridi yake iliwafaa ng'ombe wa kigeni, na shamba la mifugo la serikali likaanzishwa uwandani. Sioni sababu ya kuwalaumu waliopanga hivyo. Nchi changa iliyotafuta maziwa isingeona jambo la kwanza kuwa okidi. Ila kila palipopita plau, viazi vya maua viligeuzwa juu.

Pigo kubwa zaidi lilitoka jikoni. Zambia kuna chakula kiitwacho chikanda: viazi vya okidi hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo, vikapikwa hadi mchanganyiko ukashikana na kuweza kukatwa vipande kama soseji nene. Ni chakula cha asili cha Wabemba, na kina heshima yake. Kilipopendwa mijini na kuuzwa kila soko, okidi za Zambia zikapungua, wachuuzi wakaanza kuvuka mpaka wa Tunduma. Wanakijiji wa Makete na Mbeya, ambao fedha taslimu kwao ni adimu, wakachukua majembe. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka. Kile kilichoikinga okidi dhidi ya sakitu na moto ndicho kilichoipeleka gunia kwa gunia sokoni, na anayeking'oa mara nyingi huondoka na mmea mzima.

Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 413 hivi. Hutajwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Simba na tembo hakuna, na mimi naona hiyo ni fadhila: mgeni anashuka garini, anatembea kwa miguu, anainama. Huenda akamwona tandawala akitembea kwa madaha nyasini, au mbayuwayu wa buluu aliyekuja kuzaliana. Shida ni kwamba msimu wa maua ndio msimu wa tope, na njia ya kutoka Chimala kwenda Matamba, iitwayo Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, haimpendi dereva mwenye haraka.

Nje ya mipaka ya hifadhi, jembe linaendelea. Wapo wanaouliza kwa nini okidi za chikanda zisilimwe kama viazi mviringo, ambavyo Makete inavijua vizuri. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula ndani yake. Ili iote lazima ikutane na kuvu maalumu udongoni, liilishe hadi ipate majani. Mkulima anaweza kununua mbolea dukani. Kuvu hilo haliuzwi.